Malkia wa Kuagiza, Madume wa Jirani

Msimu wa maua ukikaribia, swali moja huwarudia wafugaji nyuki wanaohama kutoka mizinga ya magogo kwenda mizinga ya masanduku: kwa nini tusiagize malkia wa Kiitalia? Wamesikia kwamba nyuki wa huko ni wapole, mtu hufungua mzinga bila glavu, kundi halihami hovyo, na asali hurinwa sanduku baada ya sanduku. Kisha wanawatazama nyuki wao, ambao wakichokozwa mara moja huwatawanya ng'ombe malishoni na kumfuata mtu hadi mlangoni kwake. Malkia husafirishwa katika kijisanduku kinachoenea mfukoni, pamoja na nyuki vibarua wachache wa kumlisha na donge la sukari. Unamtoa malkia wa zamani, unamwingiza mpya, na baada ya wiki sita hivi karibu nyuki wote mzingani ni watoto wake. Kuna ugumu gani hapo?

Msimamo wangu niuweke wazi mapema: kwa mfugaji wa Tabora, Kitui au Kigoma, jibu ni hapana. Lakini sababu inayotajwa sana, kwamba nyuki wa Ulaya hawatastahimili joto, haina uzito mkubwa. Nyuki wa Kiitalia wanafugwa Florida na Queensland, ambako jua halina huruma. Tatizo lenyewe liko angani, ambako mfugaji hana ua wala kufuli.

Mtoto asiye na baba

Malkia hapandwi ndani ya mzinga. Siku chache baada ya kutoka kwenye chumba chake cha nta, akiwa bado bikira, huruka hadi mahali madume wa makundi mbalimbali wanapokusanyika, na huko hupandwa na madume kumi hadi ishirini hivi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akifa papo hapo. Mbegu zao huzihifadhi katika kifuko tumboni mwake na kuzitumia kidogo kidogo maisha yake yote. Yai analolirutubisha huwa jike: kibarua, au malkia likilelewa kimalkia. Yai asilolirutubisha huwa dume. Kwa hiyo nyuki dume ana mama, ana babu mzaa mama, lakini baba hana.

Jambo hili ndilo linaloamua kila kitu katika biashara ya malkia. Ukinunua malkia aliyekwisha kupandwa huko alikotoka, vibarua wake watakuwa kama ulivyoahidiwa, mradi yeye yu hai na nyuki wako hawakumkataa siku ya kwanza (nao humkataa mara nyingi kuliko wauzaji wanavyosema). Lakini malkia hadumu. Kundi likigawanyika, yeye huondoka na nusu ya nyuki, na binti yake hubaki kurithi mzinga. Akizeeka, vibarua humlea mwingine wa kumrithi. Binti huyo naye lazima aruke, na angani hakutani na madume wa Italia. Anakutana na madume wa kwenu. Watoto wake wanakuwa nusu kwa nusu, wajukuu robo, na kadhalika.

Tena sehemu kubwa ya nyuki wa Afrika hawafugwi. Wanaishi kwenye mapango ya miti, nyufa za mawe na vichuguu vilivyohamwa. Mwenye mizinga hamsini huona ana nyuki wengi, lakini msitu unaomzunguka una makundi mengi kuliko yake, na kila kundi hutoa madume. Ule uzao uliolipiwa fedha za kigeni unayeyuka humo katika vizazi vichache, na vizazi vya nyuki havihesabiwi kwa miaka mingi. Anayetaka kuuhifadhi itabidi anunue malkia wapya kila mara.

Na kuna upande wa pili, ambao jirani ndiye anayeulipia. Kwa kuwa dume hana baba, madume wa malkia yule wa kuagizwa ni Waitalia kamili, bila tone la damu ya hapa. Wanaruka kilomita kadhaa kuwafuata malkia mabikira wa watu wengine. Jirani yako ambaye hakuagiza chochote, ambaye miaka kumi amekuwa akiyaacha makundi yake mazuri yazaane, anaingiziwa damu asiyoiomba. Ng'ombe wa kisasa unaweza kumfungia zizini. Nyuki dume hafungiki.

Malkia waliotoka kwetu

Kisa maarufu kuliko vyote vya kuagiza malkia kilianzia huku Afrika. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki wa Brazili, Warwick Kerr, alikuja kutafuta nyuki. Nyuki wa asali si wa asili Amerika. Brazili ilikuwa ikifuga nyuki waliopelekwa kutoka Ulaya zaidi ya miaka mia moja kabla, na katika joto la kule mazao yao yalikuwa hafifu. Kerr alichukua malkia wa nyuki wa nyika, wale wanaoitwa kitaalamu scutellata, wengi kutoka Afrika Kusini, na Tabora nayo ilichangia. Nia yake ilikuwa njema: kuchanganya bidii ya nyuki wa Afrika na upole wa nyuki wa Ulaya, kisha kuchagua polepole hadi apate uzao unaoifaa nchi yake.

Mwaka 1957, karibu na Rio Claro katika jimbo la São Paulo, vizuizi vinavyowazuia malkia kutoka mzingani viliondolewa kabla kazi hiyo ya uchaguzi haijakamilika. Makundi 26 yakatoroka. Wajukuu wao walisambaa Amerika Kusini, wakapita Amerika ya Kati, na mwaka 1990 wakavuka mpaka na kuingia Texas. Magazeti ya Marekani yakawaita nyuki wauaji.

Kisa hiki husimuliwa kama onyo juu ya ukali wa nyuki wa Afrika. Kwangu mimi funzo kubwa ni la hesabu. Nyuki wa Ulaya walikuwa wameshika Brazili kwa zaidi ya karne moja, katika mizinga isiyo na idadi, na bado waliozidiwa ni wao. Makundi machache kutoka nyika ya Afrika yaliingia katika mazingira yanayofanana na ya kwao na kuibadilisha damu ya nyuki wa karibu bara zima la kitropiki. Sasa geuza hesabu hiyo. Kama nyuki wa Ulaya alishindwa kule, akiwa wengi na mgeni akiwa mchache, atawezaje huku, akiwa yeye ndiye mchache na mwenyeji akiwa msitu mzima?

Sehemu ya pili ya kisa husimuliwa mara chache. Wabrazili walipita miaka migumu, wengine wakaacha kazi hiyo kabisa. Waliobaki walihamisha manzuki, yaani mahali pa kuwekea mizinga, mbali na nyumba na mifugo, wakaongeza ukubwa wa mabomba ya moshi, wakavaa mavazi mazito, na wakawa wanazalisha malkia kutoka makundi matulivu na kuwaondoa malkia wa makundi makali. Leo Brazili huuza asali nyingi nje, na nyuki wanaoizalisha ni hao hao wenye damu ya Afrika, ambao huishi na kupe wa varoa bila kutegemea dawa. Katika kisiwa cha Puerto Rico, ambako nyuki hao walifika miaka ya 1990, watafiti waliwakuta baadaye wakiwa wapole kabisa, huku uwezo wao wa kupambana na varoa ukiwa haujapotea. Kisiwa ni kidogo na watu wamesongamana; inaelekea makundi makali yaliuawa kila yalipoonekana, nayo matulivu yakaachwa.

Huku kwetu kwa karne nyingi tumefanya kinyume chake. Mrina asali mwenye mwenge wa moto huliendea kwanza kundi lisilouma sana, na mara nyingi huliteketeza. Lililo kali huachwa. Nyegere naye husaidia kuyaondoa manyonge. Tukilalamika kwamba nyuki wetu ni wakali, tukumbuke kwamba na sisi tumewachagua hivyo.

Ulaya nako wanabishana

Mtu anaweza kudhani kwamba huko wanakotoka malkia hao suala hili limekwisha. Halijaisha. Uingereza mfugaji akitaka malkia mwezi wa Aprili, wa kuzalishwa nchini hawapo, kwa sababu madume bado hawajatoka na baridi haijaachia. Kusini mwa Ulaya msimu huanza mapema, kwa hiyo malkia huagizwa kutoka huko. Hiyo ni sababu ya kalenda, na ni sababu ya kweli. Sisi hatuna baridi ya kutufunga. Tunasubiri maua tu, nayo hufika huku bila ndege ya mizigo.

Watetezi wa kuagiza wana hoja nyingine nzito. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa uliopewa jina la kisiwa cha Wight uliangamiza makundi mengi ya nyuki weusi wa asili wa Uingereza. Katika monasteri ya Buckfast, kusini-magharibi mwa nchi, yalikufa makundi 30 kati ya 46, na yaliyobaki yalikuwa ya malkia wa Kiitalia au machotara wao. Mtawa aliyekuja kuwatunza, Brother Adam, alitumia maisha yake yote kuchanganya damu za nyuki wa nchi mbalimbali, na uzao wa Buckfast unauzwa hadi leo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba cha kuagiza ni kibaya siku zote. Lakini tazama alivyofanya: alikuwa na kituo cha kupandishia malkia katika nyika ya Dartmoor, mbali na mizinga ya watu wengine, ili ajue madume ni wa nani. Bila kituo kama hicho, au bila kuwapandisha malkia kwa sindano chini ya darubini, hakuna uzao wa Buckfast.

Upande wa pili wana ushahidi wao. Kati ya mwaka 2009 na 2012, watafiti wa nchi 11 za Ulaya waliweka makundi 621 ya asili tofauti 16 katika manzuki 21, bila dawa ya varoa, kisha wakahesabu nani anaishi muda gani. Makundi yenye malkia wa eneo lile lile yaliishi kwa wastani siku 83 zaidi ya yale ya wageni. Hakuna uzao mmoja ulioshinda kila mahali. Nyuki bora wa eneo moja alikuwa wa kawaida tu eneo jingine.

Baadhi ya visiwa vimeamua kujifungia. Colonsay na Oronsay, huko Uskoti, sheria hairuhusu nyuki mwingine zaidi ya mweusi wa asili. Denmaki ilifanya hivyo katika kisiwa cha Læsø. Mfugaji mmoja akapinga, kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 1998 mahakama ikasema marufuku hiyo ni halali kwa sababu inalinda viumbe hai wa mahali pale. Nchi za Ulaya, ambazo mkataba wao unazibana zisizuie bidhaa ya mwenzao, zilikubaliwa kumzuia malkia wa nyuki.

Kuhusu magonjwa nitakuwa mfupi, kwa sababu hapa hakuna ubishi mkubwa. Vibarua wanaosindikiza malkia ndani ya kijisanduku hubeba kupe na vimelea, na malkia mwenyewe anaweza kuwa na virusi hata akionekana mzima. Varoa alikuwa akiishi kwa nyuki wa Asia. Biashara ya nyuki ndiyo iliyomtembeza duniani. Mwaka 2009 alithibitishwa Kenya na Tanzania. Ulaya alikuwa ameua makundi yasiyohesabika, lakini nyuki wetu walimpokea bila kuteketea, kwa sababu viluwiluwi wao hufungiwa ndani ya vyumba vya nta kwa muda mfupi zaidi, vibarua husafisha sana, na kundi linalohama au kugawanyika mara kwa mara humkatia kupe mahali pa kuzaliana. Ajabu ni kwamba zile tabia tunazozilaani, kuhama na kugawanyika, ni sehemu ya kinga hiyo. Malkia wa kuagiza analeta vibarua wasio na kinga hiyo kikamilifu, na mwenye mzinga anaanza kununua dawa.

"Wa hapa" ni wa wapi?

Kuna mtego katika upande wangu pia. Tunaposema nyuki wa kienyeji, tunafikiri nchi. Nyuki hawajui nchi. Afrika Mashariki ina nyuki wa nyika wa rangi ya manjano, nyuki wa pwani, na wale weusi wa milimani walioitwa monticola, wanaoishi juu Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya, watulivu kuliko wa nyikani. Mwaka 1989 wafugaji kutoka Sweden walipanda Mlima Elgon kuwatafuta nyuki hao, na uzao waliouendeleza kwao wanauita Elgon. Wakati sisi tunaulizia bei ya malkia wa Italia, wao walikuja kutafuta damu kwetu.

Kwa hiyo mfugaji wa Bagamoyo anayenunua malkia Tabora, naye anaagiza. Afrika Kusini walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1990 wafugaji walihamisha mizinga ya nyuki wa Rasi, kusini mwa nchi hiyo, wanaoitwa capensis, kwenda kaskazini kwenye eneo la nyuki wa nyika. Ni nchi ile ile. Lakini kibarua wa capensis anaweza kutaga mayai yanayotoa majike bila kupandwa. Wakaingia katika mizinga ya scutellata, wakataga, watoto wao wakakataa kazi ya kibarua wa kawaida, na makundi yakafa moja baada ya jingine. Hasara ilifika makundi mengi mno, na mpaka leo kuna mstari wa kisheria ambao nyuki wa upande mmoja hawaruhusiwi kuuvuka.

Basi malkia apatikane vipi?

Kabla ya malkia, tuondoe mambo yasiyo yake. Kundi linalohama mara nyingi limeingiliwa na siafu, limewekwa juani, au limerinwa masega yote bila kuachiwa akiba ya kiangazi. Malkia wa Kiitalia akiwekwa katika mzinga huo naye ataondoka, au atakufa. Ukali nao hupungua sana ukirina jioni, ukatumia moshi wa kutosha, na ukaacha kugonga mzinga. Nusu ya sifa zinazotafutwa ng'ambo hupatikana hapo, bila kununua malkia yeyote.

Nusu iliyobaki ni uchaguzi, na uchaguzi huanza na daftari. Kila mzinga upewe namba. Andika kila unapoufungua kama walitulia au walishambulia, kama walikaa kiangazi chote, na asali ilikuwa kilo ngapi. Kundi lililokaa msimu wote mahali ambapo majirani wake wamehama limekwisha kukuambia jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekuambia.

Njia rahisi ni kugawa kundi hilo. Nusu isiyo na malkia ibakiwe na mayai na viluwiluwi wachanga wa chini ya siku tatu, nyuki wengi na chakula cha kutosha, itajilelea malkia. Huko Tabora, nyakati zinazofaa zinafuata maua ya miti ya miombo: kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, na tena mvua zinapoelekea kwisha. Gawa nje ya nyakati hizo, hakuna madume, na kwa nyuki wetu kundi lisilo na malkia halisubiri. Vibarua wataanza kutaga mayai ya madume, na hapo halirudi tena. Njia ya pili ni kuhamisha viluwiluwi wa chini ya siku moja kwenye vikombe vya nta na kuwapa kundi lenye nguvu lisilo na malkia. Inahitaji mkono mtulivu na macho mazuri, lakini haihitaji maabara. Malkia hukamilika siku ya 15 au 16 tangu yai kutagwa, kwa hiyo vyumba vyao vigawanywe kabla ya siku ya 14, la sivyo wa kwanza kutoka atawaua wenzake wote.

Kosa la kawaida ni kupenda mama mmoja. Mtu hupata kundi moja zuri ajabu, akazalisha malkia wote kutoka humo, na baada ya muda sega linaanza kuwa na mapengo katikati ya watoto. Malkia akipandwa na dume mwenye jeni ya jinsia inayofanana na yake, nusu ya mayai yanayorutubishwa kwa mbegu za dume huyo hutoa madume wasiofaa, na vibarua huwala. Zalisha kutoka makundi kadhaa, na kila msimu ongeza kundi ulilolitega porini.

Kisha kuna madume, ambao karibu kila mtu huwasahau. Wafugaji wengi hukata sega la madume wakiona linakula asali bure. Likate katika makundi makali ukitaka, lakini katika makundi bora liache likomae, kwa sababu hao ndio watakaowapanda malkia wako, na wa jirani yako. Wafugaji watano au sita wenye manzuki ya karibu wakikubaliana hivyo, kila mmoja akaacha madume wa mizinga yake mitulivu waruke na kubadilisha malkia wa mizinga inayosumbua, anga la kijiji huanza kuegemea upande wao. Bado msitu utatoa madume wake. Lakini madume hao wa msituni ni wa uzao unaokijua kiangazi cha hapo, unaoishi na varoa bila dawa, na hawagharimu chochote.